Kengele ya Saa Tisa: Kweli na Si Kweli Kuhusu Michezo na Klabu za Shule, Kutoka Mbinga Hadi Ziwani

Kaa kwenye kikao chochote cha wazazi, iwe sekondari iliyo pembezoni mwa mji wa Mbinga au ile iliyo karibu na mchanga kule Mbamba Bay, usubiri ajenda ya mengineyo. Hapo ndipo mzazi mmoja husimama, akaomba radhi kwa kuwachelewesha watu, kisha akasema, "Mwalimu, sisi watoto tumewaleta kusoma. Hii mipira ni ya nini?" Makofi hufuata. Nimekaa kwenye vikao hivyo miaka mingi, mara nyingine upande wa meza ya walimu, na sikumbuki siku ambayo swali hilo lilijibiwa vizuri. Hujibiwa kwa haraka, kwa sababu jua linazama na watu wana mbuzi wa kufungulia.

Nimeyakusanya hapa maneno ninayoyasikia mara kwa mara, mengine ya wazazi na mengine ya walimu wenzangu, niyapime moja moja.

"Michezo inashusha ufaulu."

Si kweli, ingawa mwenye kulisema hakulitunga mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wizara ya Elimu ilisimamisha mashindano ya michezo shuleni, yaani UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari. Wako watu wazima leo, na baadhi yao ndio wazazi wanaosimama kwenye kikao, waliomaliza kidato cha nne bila kuvaa jezi ya shule hata siku moja. Kabla muongo huo haujaisha, serikali ikayarudisha mashindano yaleyale. Marufuku imeondoka lakini hofu imebaki.

Watetezi wa michezo hukimbilia hoja ya afya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Ukiyasema hayo Mbinga watu watakucheka kwa haki, maana mtoto aliyeshuka na kupanda kilima saa nzima akija shule, na atakayerudi kwa njia hiyohiyo, dakika zake amezimaliza na za kesho ameanza kuzikopa. Ndiyo maana mimi siitetei michezo kwa hoja ya jasho.

Naitetea kwa sababu ya mambo ambayo darasa la wanafunzi sitini haliwezi kumpa kila mmoja. Uwanjani mtoto huchaguliwa. Hushindwa mbele ya watu wanaomjua na Jumatatu akarudi shule hivyohivyo. Kwenye mdahalo hulazimika kumsikiliza mpinzani hadi mwisho ndipo amjibu. Nimewaona wanafunzi ambao mwaka mzima hawakunyoosha kidole darasani, wakapewa filimbi ya uamuzi au daftari la katibu wa klabu, na baada ya wiki chache sauti zao zikaanza kusikika hata kwenye kipindi cha hesabu.

Kuna upande mmoja ambao wazazi wana haki kabisa. Mwalimu anayewatoa wanafunzi kwenye vipindi ili wakafanye mazoezi, au kambi inayorefushwa wakati wenzao wako kwenye mtihani, hayo ni makosa. Lakini ni makosa ya ratiba, na ratiba hurekebishwa kwa kalamu.

"Michezo na sanaa havina mtihani."

Si kweli. Baraza la Mitihani limekuwa likitahini kidato cha nne masomo ya Elimu ya Michezo, Muziki, Sanaa za Ufundi na Sanaa za Maonyesho, sawasawa na Jiografia. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 kwa kidato cha kwanza umeleta mkondo wa amali, na michezo na sanaa bunifu vimo humo. Kinachokosekana kwetu ni mwalimu aliyesomea. Chuo cha Butimba kiko Mwanza, Malya iko Kwimba, TaSUBa iko Bagamoyo. Anayehitimu huko akipangiwa kata ya Umatengo, huku milimani Mbinga, mara nyingi hujikuta anaombwa kwanza afundishe Kiswahili na Uraia, michezo baadaye. Hiyo baadaye huwa haifiki.

"Shule ya kutwa haiwezi kuwa na klabu. Hayo ni ya mabweni kama Kigonsera."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndani ya neno hili kuna kweli nyingi kuliko mengine yote.

Shule kongwe za bweni zina jioni. Kengele ikilia mtoto hana pa kwenda, hivyo uwanja hujaa wenyewe, kisha chakula, kisha prepu. Shule za kata, zilizoongezeka kwa kasi baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza 2004, zilileta sekondari karibu na nyumbani, na hilo ni jambo kubwa ambalo sitaki mtu alidharau. Ila "karibu" ya kwenye ramani na "karibu" ya miguuni ni vitu viwili, hasa Umatengo ambako kijiji unakiona kwa macho ng'ambo ya bonde, na kukifikia ni saa nzima.

Nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekaa nyuma ya vilima viwili. Aliamka saa kumi alfajiri. Masika alikuja na viatu ndani ya mfuko wa plastiki, miguu mitupu, matope mekundu hadi magotini. Karibu na geti kulikuwa na bomba. Alikuwa ananawa pale, anajipangusa kwa majani, anavaa soksi, anavaa viatu, ndipo anaingia kama mtu aliyetoka jirani. Sikuwahi kumwona mchafu mstarini. Huyu kijana alikuwa na mguu wa kushoto ambao mwalimu wa michezo aliusifia kila alipopita, na hakuwahi kufika mazoezini zaidi ya mara mbili. Kengele ya saa tisa ikilia yeye hakuwa anatazama uwanja. Alikuwa anatazama mawingu juu ya mlima.

Na alikuwa na njaa. Hilo nililijua baadaye, kwa aibu. Chakula chake cha mwisho kilikuwa ugali wa jana usiku. Tulikuwa tunajadili kukosekana kwa njumu na nyavu za goli wakati nusu ya timu haijatia kitu tumboni kwa saa kumi na nane.

Mwaka 2021 serikali ilitoa mwongozo wa chakula na lishe kwa wanafunzi, unaowataka wazazi na jamii wachangie chakula cha mchana shuleni. Kwenye shule ninayoifahamu wazazi walikubaliana debe la mahindi na maharage kwa kila mtoto, wapishi wakapatikana, sufuria zikawekwa. Makande ya kawaida, chumvi na kitunguu. Hakuna aliyenunua mpira mpya muhula ule, lakini alasiri ilibadilika. Watoto walibaki. Skauti waliokuwa saba wakawa wengi hadi mwalimu akawagawa makundi mawili. Tangu hapo, mtu akiniuliza shule ya kutwa inahitaji nini ili iwe na klabu, namuuliza kwanza watoto wake wanakula saa ngapi.

Jambo la pili ni siku. Shule ya kutwa haiwezi kufanya michezo kila jioni, na haina haja. Inatosha alasiri moja ya wiki, vipindi vimepunguzwa dakika chache kila kimoja tangu asubuhi, ili klabu zianze saa nane na mtoto wa vilima viwili awe njiani kabla ya saa kumi. Mdahalo, Skauti, Malihai, Fema, klabu ya TAKUKURU, kwaya ya TYCS au UKWATA: vyote vinaingia ndani ya saa moja na nusu kama mwalimu wa zamu hakuigeuza kuwa saa ya kufyeka.

Kwa hiyo dai hili naliandikia: ni kweli kwa jinsi tunavyoendesha shule, si kweli kwa jinsi zinavyoweza kuendeshwa.

"Kulima shuleni ni adhabu tu."

Imekuwa kweli mahali pengi, na inauma. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 hakuweka jembe shuleni ili litumike kwa waliochelewa. Shamba lilikuwa somo: wanafunzi wapange, wahesabu gharama, waamue mapato yatumike vipi. Mtoto akishajifunza kwamba jembe ni fimbo ya pili, umempotezea somo ambalo Mbinga ingeweza kulifundisha kuliko wilaya nyingi za nchi hii.

"Klabu ya sayansi bila maabara ni kujidanganya."

Si kweli, na sehemu hii naiandika kwa furaha.

Simama kwenye mteremko wowote wa Umatengo utazame kilimo cha ngolo. Nyasi hufyekwa, zikalazwa kwa mistari inayokatana kama miraba ya daftari la hesabu. Udongo wa katikati ya mraba huchimbwa na kufunika nyasi zile. Katikati hubaki shimo, pembeni hubaki tuta. Maharage hupandwa juu ya tuta, na baadaye mahindi. Mvua ikija kwa nguvu, maji huingia mashimoni badala ya kuteremka na udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Japani walikuja milimani hapa katika miaka ya 1990 kujifunza jambo hili, ambalo bibi wa mwanafunzi wako analifanya kila mwaka bila kuandika hata mstari mmoja.

Sasa wape wanafunzi watano rula, kamba, chupa tupu za maji na daftari. Wachimbe ngolo chache nyuma ya darasa, pembeni walime matuta ya kawaida, mvua ikinyesha wakinge maji yanayotoka kila upande waone ni yapi yana tope zaidi. Hiyo ni sayansi kamili. Ina swali, ina kipimo, ina ulinganisho.

Wa ziwani nao wana yao. Ziwa Nyasa lina kina cha zaidi ya mita 700 na lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Wale samaki wadogo wa bluu na njano wanaozunguka miamba ya Liuli na Mbamba Bay, ambao mtoto wa pwani ya ziwa hawatazami mara mbili kwa sababu si kitoweo cha maana, wanafugwa kwenye matangi ya vioo Ulaya na Marekani na watu walionunua vitabu kuwasoma. Klabu inayohesabu dagaa wanaoshushwa mwaloni kila wiki na kulinganisha na mwezi ulivyo angani, usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi, itakuwa imeandika kitu ambacho wavuvi wanakijua lakini hakijawekwa kwenye karatasi.

Mwaka 1991 mtafiti wa sokwe Jane Goodall alikaa na wanafunzi 12 wa sekondari barazani kwake Dar es Salaam, na hapo ikaanza Roots & Shoots, klabu ya mazingira ambayo leo iko katika nchi nyingi. Hawakuanzia maabara. Mwaka 2011 likaanzishwa shirika la Young Scientists Tanzania, ambalo huwaongoza wanafunzi wa sekondari kufanya utafiti wao wenyewe kuhusu matatizo ya kwao, kisha kuonyesha matokeo mbele ya majaji. Washindi wamekuwa wakipata ufadhili wa chuo kikuu kutoka Karimjee Jivanjee Foundation. Majaji huuliza umepimaje na kwa nini. Mtoto wa ngolo anaweza kujibu yote mawili.

"Msichana akicheza mpira anaharibika."

Si kweli. Oktoba 2022 timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilicheza Kombe la Dunia nchini India. Iliifunga Ufaransa 2–1, ikatoka sare ya 1–1 na Kanada, ikafika robo fainali. Walikuwa mabinti wa umri wa hawa tunaowaagiza wabaki jikoni.

Ninachokiona kwetu hakihusu tabia hata kidogo, kinahusu kazi. Kijana wa kiume akirudi saa kumi na mbili jioni huulizwa mlicheza na nani. Dada yake akirudi saa ileile huulizwa maji yako wapi. Mama mmoja aliniambia bila kunificha, "Mwalimu, mimi sikatai netiboli. Nani atamshika mdogo wake nikiwa shambani?" Sikuwa na la kumjibu siku ile. Lakini swali lake lilikuwa wazi kuliko hotuba zote nilizowahi kuzisikia juu ya maadili ya mtoto wa kike, na shule iliyoweka netiboli mchana badala ya jioni ilimjibu kwa niaba yangu.

"Mganda na kioda ni starehe za kijijini, havina nafasi shuleni."

Si kweli. UMISSETA yenyewe, kwa jina lake, ni Umoja wa Michezo na Sanaa, na ngoma na kwaya hushindaniwa humo pamoja na mpira, wavu na riadha.

Mganda ni ngoma yenye historia ndefu kuliko wanavyodhani wanaoibeza. Ilikua kandokando ya Ziwa Nyasa katika nyakati za Vita vya Kwanza vya Dunia, ikiwa ndugu wa ngoma ya beni, wakati vijana wa ziwani walipoona gwaride la askari na kuligeuza kuwa lao. Ng'ambo ya Malawi wanaiita malipenga. Watazame wachezaji: kaptula na mashati meupe yaliyopigwa pasi, mistari iliyonyooka, hatua moja, vyeo vinavyoheshimiwa, na zile tarumbeta za kibuyu zinazotoa sauti nzito kama nyuki wengi kwa pamoja. Kijiji hukialika kijiji, na mgeni hulishwa kabla ya kushindwa au kushinda. Kinamama nao wana kioda yao, yenye utaratibu uleule wa mistari na sare. Nidhamu tunayoihubiri mstarini kila Jumatatu, mganda unaifundisha bila fimbo.

Na umbali ambao sauti ya ziwani inaweza kufika, mtoto wa Lituhi anaujua. Kapteni John Komba alizaliwa hapohapo Lituhi, akaja kuongoza Tanzania One Theatre, na taifa lilipomzika Mwalimu Nyerere mwaka 1999 sauti yake ilikuwa miongoni mwa zilizobeba maombolezo redioni. Alifariki Februari 2015 akiwa mbunge wa Mbinga Magharibi.

"Hela hakuna."

Kweli. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa na michango ya lazima imekatazwa, na ruzuku ya uendeshaji ya sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, vitabu vikiwa humohumo. Mkuu wa shule huogopa kuomba hata mia tano ya mpira asije akaitwa ofisini kwa mkurugenzi. Sina la kupamba hapa. Nasema tu kwamba mdahalo, kwaya, mganda na daftari la kuhesabia dagaa haviko kwenye bajeti kwa sababu havihitaji bajeti.

"Huku ni mbali. Nani atawaona?"

Ilikuwa kweli. Safari ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 67 hivi, wakati wa masika ingeweza kulaza timu njiani. Sasa ni lami, na wilaya ya Nyasa iliyogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012 hupeleka timu yake yenyewe ngazi ya mkoa, Songea. Maana yake watoto wa ziwani hawahitaji tena kushindana na wa milimani kwa nafasi ileile moja.

Kikwazo kilichobaki ni kalenda. Fainali za taifa za UMISSETA kwa kawaida huangukia kuanzia Juni, na mchujo hutangulia. Juni ni mwezi ambao kahawa ya Mbinga imeiva na kila mkono unahitajika kuchuma. Mzazi anayemzuia mtoto asiende kambini mwezi huo ana hesabu mkononi: kilo zitakazoanguka chini, ada ya chuo ya kaka mtu, bati la nyumba. Maofisa michezo hulalamika kwamba wazazi wa Mbinga hawana mwamko. Wangekaa nao shambani siku moja wangepanga mchujo wa wilaya mapema, kabla kahawa haijaanza kuwa nyekundu.

Na hoja ya umbali ina majibu ya zamani. Mwaka 1901 iliteremshwa ziwani humu meli ya wamisionari, Chauncy Maples, iliyokuwa zahanati na chuo cha walimu kwa pamoja. Ilipita bandari kwa bandari, wanafunzi wakiwa ndani, kwa sababu vijiji vilikuwa mbali na barabara hazikuwepo. Mmoja wa waliosafiri pwani hii kwa miaka mingi, William Percival Johnson, amezikwa Liuli tangu 1928, na watu bado hulizuru kaburi lake. Elimu ya ufukwe huu ilianza kwa kukataa kwamba mbali ni sababu.

Mara ya mwisho nilipokuwa Mbamba Bay niliketi alasiri kando ya uwanja ulio karibu na maji. Goli moja lilikuwa la miti iliyovuliwa magome, jingine mawe mawili. Mpira ulipigwa juu, upepo wa ziwa ukauchukua, ukaanguka majini na kuanza kwenda zake. Msichana wa timu ya netiboli iliyokuwa ikisubiri zamu akavua yeboyebo, akaingia, akaogelea kwa mikono mipana isiyo na papara, akaurudisha kifuani. Alipotoka majini mwamuzi alikuwa ameshatazama saa. Akaongeza dakika tatu.